Kumbukumbu Nilizozisafisha na Rufaa ya Kaka Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na yule aliyefika hapa leo bila nguvu ya kuitikia. Najua baadhi yenu mliponiona nikitembea kuja mbele mlijiuliza, "Huyu naye anataka nini tena?" Sina kinyongo na ninyi. Hata mimi ningejiuliza hivyo.

Kwa ajili ya wageni, jina langu ni Rodah. Wengi huniita Mwalimu, kwa sababu nafundisha darasa la pili hapa Yamumbi. Nimeabudu katika kanisa hili tangu likiwa mabati matupu na sakafu ya udongo, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mwandishi wa vikao vya kanisa. Mchungaji wetu mpya amenipa dakika chache za ushuhuda na akaniomba niwe mfupi. Mchungaji, nitajaribu. Nikizidisha unisamehe, maana jambo hili limenikaa kifuani karibu miaka miwili.

Wengine hushuhudia jinsi Bwana alivyowatoa kwenye pombe au kwenye uchawi. Mimi pombe sijawahi hata kuionja. Mimi Bwana alinitoa kwenye uongo, ndugu zangu! Uongo wa mwandiko mzuri, uliofunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi.

Mwandiko wangu ndio ulionipa kazi ile. Mnakumbuka utaratibu wetu. Kikao kikiwa kinaendelea nilikuwa naandika harakaharaka kwenye daftari la rafu, lile la shule la kurasa themanini. Kisha, kwa sababu wazee wana haraka ya kwenda kukama na kina mama wana haraka ya jikoni, nilikuwa nafungua ukurasa mpya kwenye kitabu kikubwa, naacha nafasi juu, na kila mtu anasaini chini. Baadaye naenda nyumbani na kuijaza ile nafasi polepole, kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka. Mlisaini kwanza, nikaandika baadaye. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Mliniamini.

Na mimi nilikuwa najaza vizuri! Wazee wawili waliposhikana kola kwa sababu ya mahali pa kuchimba choo cha kanisa, niliandika kwamba wazee walibadilishana mawazo kwa undani. Kwaya ilipogawanyika na upande mmoja ukaficha kinanda, niliandika kwamba kwaya ilihimizwa kudumu katika umoja. Kitabu kilipopitishwa mkono kwa mkono katika kikao kilichofuata, mlisoma, mkacheka na kupiga makofi. Mlisema, "Mwalimu ana hekima." Niliamini. Niliona kwamba nafunika aibu ya watu wa Mungu kwa upendo, na kwamba Mungu mwenyewe anafurahia mwandiko ule.

Sasa nifike kwa kaka yangu. Wengi mnamjua Wesley, hata kama siku hizi jina lake linasemwa kwa sauti ya chini. Ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mama yetu, kule Burnt Forest, alizaa wasichana watano ndipo akampata yeye, na baba alipofariki Wesley alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikua akiambiwa yeye ndiye mwenye boma. Ni dereva wa lori la mahindi. Ni mtu wa mzaha, mtu wa kubeba wagonjwa bila kuitwa, na sauti yake ya tena kwenye kwaya mnaikumbuka. Alipokuwa akiimba kwenye ibada ya mazishi hata waliokuja kula tu walilia.

Huyo mtu alikuwa anampiga mke wake. Nasema wazi, alikuwa anampiga! Kwa miaka mingi sikuwahi kutumia neno hilo. Nilisema "wana shida kidogo." Nilisema "ni mambo ya vijana." Beatrice, mke wake, alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine ndogo pale sebuleni kwake. Muhula mmoja alichelewesha sweta za shule yetu. Nilipokwenda kuziulizia nilimkuta kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa. Akaniambia aliteleza kwenye matope. Ndugu zangu, ilikuwa Februari! Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nyingi, vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye sukari. Nilimwambia pole, kisha nikamuuliza sweta zitakuwa tayari lini.

Hilo linaniuma mpaka leo.

Ikafika likizo ya Agosti. Beatrice akamwendea mchungaji wetu wa wakati ule na kumwambia kwamba hawezi tena. Mnajua tunavyofanya sisi. Hatukumwuliza kama anahitaji hospitali. Tuliitisha kikao cha upatanisho. Kilikaliwa nyumbani kwao, kwa Wesley na Beatrice. Mchungaji alikuwepo, wazee wawili wa kanisa, mama yetu aliyetoka Burnt Forest asubuhi na mapema, Mama Salina kwa niaba ya kina mama, na mimi mwandishi. Beatrice mwenyewe ndiye aliyetupikia chai na chapati. Fikirini jambo hilo. Mtu anapika chapati za watu waliokuja kusikia jinsi anavyopigwa.

Wesley aliongea kwanza. Alilia, akaomba msamaha, akasema ni shetani na uchovu wa barabara. Sote tulilia. Halafu Beatrice akasimama. Hakulia. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akageuka upande, akatuonyesha mahali juu ya sikio ambapo nywele hazikuwa zimeota tena. Alisema alipigwa hapo na spana ya kufungulia magurudumu ya lori. Kisha akasema maneno haya, nami nikayaandika kwenye rafu neno kwa neno, maana mkono wangu ulizoea kufuata mtu anapoongea:

"Nimemsamehe. Sina chuki na yeye. Lakini sitaki kukaa nyumba moja na yeye tena, kwa sababu ataniua. Nawaambia nyinyi watu wa Mungu, ataniua, na mtakuja hapa kupika chai ya matanga."

Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akasema, "Asante kwa hilo neno la msamaha, dada." Akashika neno moja tu la msamaha, yale mengine yote akayaacha yaanguke chini. Akasoma andiko, akawaunganisha mikono, tukaimba. Beatrice alitazama mikono ile kama si yake. Tukasaini, tukaenda.

Nyumbani kwangu nilifungua kitabu kikubwa. Nikaandika kwa bluu: "Dada Beatrice alisema amemsamehe mumewe kwa moyo wote. Pande zote mbili ziliombwa kuchunga ulimi. Suala lilimalizika kwa amani." Na chini yake, saini ya Beatrice ilikuwa imeshakaa pale, ikingoja nijaze chochote nilichotaka.

Alirudi kukaa na mumewe kwa sababu sisi tulimrudisha. Hazikupita wiki saba. Sitawaeleza yaliyotokea siku ile, watoto wake wanaweza kusikia kutoka kwa watoto wenu. Nitasema tu kwamba majirani walivunja mlango, na Beatrice alilazwa hospitali siku tisa. Alipotoka hakuja kanisani. Alikwenda polisi, akajaziwa fomu, kisha akaenda kortini pale mjini. Hakimu akampa amri ya ulinzi. Wesley atoke kwenye nyumba ile. Asimkaribie Beatrice wala watoto. Asipige simu wala asimtume mtu.

Mnakumbuka jinsi tulivyolipokea jambo hilo? Tulisema Beatrice amepeleka ndoa kwa serikali. Tulisema ameshauriwa na wanawake wa mjini. Wesley alirudi kwa mama Burnt Forest na nguo zake kwenye gunia, na mama akakonda ndani ya mwezi mmoja. Mama yetu aliwahi kuona nyumba yake ikiungua mwaka ule wa vita vya uchaguzi. Aliniita jikoni kwake, akaniambia, "Rodah, ile nyumba ya kwanza ilichukuliwa na moto, nikanyamaza. Hii ya mtoto wangu haiwezi kuchukuliwa na karatasi."

Kwa hiyo Wesley akakata rufaa Mahakama Kuu. Alitaka amri ile ifutwe, arudi kwake. Na wakili wake akamwuliza kama kuna chochote cha kuonyesha kwamba mambo yalikuwa yamemalizwa kabla ya Beatrice kwenda kortini.

Wesley akasema, "Kuna minitsi za kikao. Dada yangu ndiye aliandika."

Ndugu zangu, sikusukumwa na mtu. Nilibeba kitabu mwenyewe, nimekifunga kwa leso, nikapanda ngazi za ofisi ya wakili. Wakili alisoma ukurasa ule, akatabasamu, akagusa saini ya Beatrice kwa kidole. Alisema hakimu hakuonyeshwa hii, na jaji akiiona ataelewa kwamba mama huyu alisamehe na kusaini, kisha akageuka. Ikachapwa hati ya kiapo. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikaapa mbele ya Mungu kwamba kumbukumbu zile ni za kweli na kamili. Nikasaini kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Wakili wa Beatrice alipinga. Jaji akasema ataipokea hati ile kwa sharti moja, kwamba aliyeiapa afike mwenyewe kortini na kitabu chake, aulizwe maswali. Siku ikapangwa.

Wiki ile Wesley alikuja kwangu mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto. Hakuwa na hasira. Alikunywa chai, akanichekesha kama kawaida yake, kisha akaniuliza, "Na ile rafu yako ya siku ile iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko kwa katoni na zile zingine."

"Hiyo itatuletea maneno. Choma tu, dada yangu."

Na mimi nikasema sawa! Sikubishana hata kidogo. Alipoondoka nililitoa daftari lile kwenye katoni, nikaliweka jikoni juu ya kuni, tayari kuwashia moto wa chakula cha jioni. Basi tu siku hiyo jirani aliniletea githeri iliyoiva na sikuwasha moto. Kesho yake tulianza kufunga, na jioni tulikuwa tunakunywa uji hapa kanisani, kwa hiyo jiko langu lilibaki baridi.

Ndiyo, tulifunga. Msijifanye mmesahau. Siku tatu, kanisa zima, bila chakula mpaka saa kumi jioni, tukimwomba Mungu aipe rufaa ya Wesley ushindi na amrudishe Beatrice kwa mume wake. Mimi ndiye niliyeongoza maombi ya kina mama. Nililia kwa sauti. Nilitaja Mahakama Kuu katika maombi, nilimtaja jaji, niliamuru kila ulimi unaoinuka juu ya ndoa ile unyamaze. Mliitikia amina mpaka mabati yakatetemeka.

Siku ya tatu ikafika zamu ya Mama Salina. Mama Salina, usijifiche nyuma ya nguzo, nakuona. Wageni, huyu mama anauza viazi pale steji ya matatu, na hana subira na mtu yeyote, hata na Mungu. Hajui kusoma. Katika vikao yeye alikuwa anaweka kidole gumba. Kumbukumbu zangu zote za miaka kumi na moja hazikuwahi kumfikia, kwa hiyo yeye alikuwa amebaki na yale tu aliyoyasikia kwa masikio yake.

Alipiga magoti, akafumba macho, akasema kwa sauti ile yake ya sokoni:

"Baba, mimi naona tunakuchanganya. Wewe ulikuwa kwa ile nyumba. Ulisikia huyo mama akisema harudi, akisema atauawa. Na ni kweli alikaribia kuuawa. Sasa hawa watu wanakuomba nini? Mimi sielewi. Kama unaelewa wewe, fanya. Amina."

Hakuna aliyeitikia ile amina! Halafu mtu akaanzisha pambio kwa nguvu, tukaimba na kupiga makofi mpaka jambo lile likafunikwa. Nami, kwa sababu nilikuwa mwandishi, nikachukua kalamu nirekodi maombi ya siku hiyo. Nikaandika: "Mama Salina aliombea ndoa hiyo kwa uchungu."

Mkono ukasimama hapo.

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona mwanga. Nilisoma tu sentensi yangu, wino ukiwa bado haujakauka, na nikajiona. Niliona jinsi mkono wangu ulivyofanya bila hata kuniuliza. Mama mzee amesema mbele za Mungu kwamba tunamrudisha mtu kwenye kifo, na mimi katika dakika mbili nimemgeuza kuwa mama anayetuunga mkono. Sikuwa nimekusudia. Na hapo ndipo nilipoogopa, maana kama sikukusudia, basi nimeandika mangapi hivyo? Nilitoka nje kwenye jua, nikatapika maji matupu, tumbo lilikuwa halina kitu. Wengine mlidhani ni mfungo.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja mpaka jikoni. Daftari lilikuwa bado juu ya kuni. Nililifungua na maneno yote yalikuwepo, kwa ule mwandiko mbaya wa haraka: ataniua, na mtakuja hapa kupika chai ya matanga. Nilipiga magoti palepale kwenye majivu. Sikuomba vizuri. Nilisema tu, "Yesu, niokoe na mimi mwenyewe." Nilisema hivyo mara nyingi, sijui mara ngapi.

Nisiwadanganye kwamba niliinuka nikiwa jasiri. Siku zilizobaki niliishi kama mtu mwenye homa. Nilijua nikisema kweli naweza kushtakiwa kwa kuapa uongo, na mwalimu aliyeapa uongo anaweza kukosa darasa. Nilijua nitampoteza kaka, na nikimpoteza kaka nimempoteza mama. Zaidi ya mara moja nilijiambia kwamba pengine Wesley amebadilika, kwamba pengine jaji atakataa tu hata nikinyamaza. Nilitafuta mlango wa kutokea, Bwana akanifungia yote. Kila nilipofungua Biblia nilikuta mtu anaulizwa amefanya nini.

Siku ikafika. Nilipanda kizimbani na vitabu viwili mkononi, kile kikubwa na lile daftari. Wesley alikuwa amevaa koti lake la kwaya. Mama alikaa nyuma yake, na nusu ya wazee wenu walikuwepo. Beatrice alikaa upande wa pili peke yake, macho yake kwenye meza. Wakili wake alikuwa binti mdogo, mwembamba, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nilishika Biblia nikaapa tena. Aliniuliza maswali mawili matatu kuhusu kitabu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, haya yaliyoandikwa hapa ndiyo yote aliyosema Beatrice siku hiyo?"

Nilimtazama mama yangu. Mama alitikisa kichwa kidogo, kama anayenitia moyo, maana aliamini najua la kusema.

Nikasema, "La. Sio yote."

Wakili wa Wesley akasimama kupinga. Jaji akamwambia akae. Jaji akaniuliza kama naelewa kwamba niliapa kinyume. Nikamwambia naelewa. Akanionya kwamba naweza kushtakiwa kwa yale nitakayosema. Nikamwambia, "Naelewa pia hilo. Naomba nisome." Nikafungua daftari la rafu na kusoma. Nilisoma kila neno, spana, nywele, chai ya matanga. Nikaeleza pia jinsi watu wanavyosaini kwanza, na kwamba saini ya Beatrice ilikuwepo kabla ya sentensi hata moja kuandikwa juu yake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaambiwa nirudie. Kwa hiyo niliyasema mara mbili.

Beatrice hakuinua macho. Mabega yake tu ndiyo yalianza kutikisika.

Nje ya korti Wesley alisimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nikiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwogopa kaka yangu. Ndipo nikaelewa kidogo, kidogo sana, Beatrice alikuwa akiishi na nini. Hakunipiga. Alisema, "Wewe si dada yangu," akaenda. Mama alipita bila kuniangalia, ameshikwa mkono na mzee wa kanisa.

Wiki kadhaa baadaye hukumu ilisomwa. Rufaa ya Wesley ilitupiliwa mbali. Amri ya ulinzi ikabaki kama ilivyokuwa. Na jaji aliandika jina langu ndani ya hukumu ile, akasema kwamba kiapo changu cha kwanza kililetwa kupotosha korti. Limeandikwa pale na halitafutika. Mpaka leo hakuna aliyenishtaki. Inaweza kuwa kesho. Sijui, na nimeacha kuuliza.

Mngetaka niwaambie kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka! Wesley hajaongea nami tangu siku ile. Ameacha kuimba, na hilo linanihuzunisha kuliko nilivyotarajia. Mama yangu hali chakula changu. Krismasi iliyopita nilikwenda Burnt Forest na unga na majani ya chai, akapokea vitu vile kwa mkono wa dada yangu, akaingia chumbani akafunga mlango mpaka nilipoondoka. Ana umri mkubwa. Naomba Mungu asimchukue kabla hajanifungulia, lakini sijaahidiwa. Hapa kanisani mliniondolea uandishi, na mlifanya vizuri. Wengine mliacha kunisalimia. Kuna Jumapili nyingi nimekaa kwenye benchi peke yangu, na nafasi ya watu watatu kila upande.

Lakini nalala, ndugu zangu! Nafumba macho na ninalala. Na watoto wakiniuliza swali darasani nawajibu kwa maneno yenyewe. Bwana amenitoa! Amenitoa kwa mkono wenye nguvu, akaniweka mahali pakavu na pa upweke, na hata hapo nasema asante.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Beatrice kumwomba msamaha. Nilichelewa, najua. Sikutaka kwenda na mchungaji wala na mzee yeyote, nilikwenda mwenyewe. Alikuja mpaka getini lakini hakufungua. Zamani alikuwa akiniita Mama Faith, kwa jina la binti yangu. Siku hiyo aliniita Mwalimu, kama wazazi wengine wa shule. Nilimwambia yote, kuanzia ile Februari ya matope. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye komeo. Ndani mashine ya sweta ilikuwa inasikika, mtoto wake mkubwa ndiye aliyekuwa anaiendesha.

Akaniambia, "Mwalimu, nimesikia. Sijakusamehe. Siwezi kukudanganya. Mara ya mwisho nilisema nimesamehe, nyinyi mlinirudisha na hilo neno."

Nilirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye geti.

Akasema, "Lakini niko hai. Unaona? Niko hai." Kisha akarudi ndani.

Nilitembea kurudi nyumbani nikilia, na watu wakinitazama. Sikulia kwa sababu alikataa, nililia kwa sababu yuko hai.

Ndugu zangu, namalizia. Kama kuna mama hapa ndani aliyefunga kitambaa leo kwa sababu ambayo hajamwambia mtu, sitakuuliza umefanya nini kumkasirisha. Sitakuambia usamehe kwanza. Njoo tu. Mwamini Bwana, hata kama sisi watu wake tumekufanya uogope kumwamini. Tutakwenda pamoja polisi, tutakwenda pamoja kortini, nami nitakaa kando yako kwenye lile benchi mpaka jina lako liitwe. Na kama kuna mtu hapa ambaye kalamu yake, au ulimi wake, au ukimya wake unamshikilia mwingine ndani ya nyumba ya mateso, na aje kwa Yesu leo. Itamgharimu. Na aje tu.

Tulifunga siku tatu, kanisa zima, tukimwomba Mungu amrudishe Beatrice mikononi mwa kaka yangu. Mungu alitusikia vizuri kabisa, akatunyima. Asifiwe! Asifiwe milele yeye aliyetunyima!